Mwuza Dawa Aliyetufundisha Kupima

Jina la Friedrich Sertürner lina sifa kubwa katika Ulaya, lakini nyumbani mwetu ni wachache walitajao. Hata hivyo hapana mgonjwa wa saratani atulizwaye kwa mofini asiye na deni kwake. Twaona vema kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake, kwani yana fundisho kwa kila jamaa inayomwuguza mtu mwenye maumivu makali.

Alizaliwa tarehe 19 Juni 1783 huko Neuhaus, karibu na Paderborn katika Ujerumani, ambako baba yake alikuwa mtumishi wa Askofu aliyetawala nchi ile. Baba alifariki mtoto angali kijana, naye mwaka 1799 akaingia kwa mwuza dawa mjini Paderborn ili ajifunze kazi.

Siku zile dawa kuu ya maumivu ilikuwa afyuni. Walakini kipimo kilichomtuliza mmoja hakikumfaa mwingine, au kilimwua, kwa kuwa hapana aliyejua kiasi cha nguvu iliyomo. Sertürner akaazimu kuitafuta nguvu yenyewe. Aliiloweka afyuni katika maji yenye asidi, akatia amonia, akapata chembe nyeupe. Mbwa waliopewa chembe hizo walilala. Alitangaza habari hizo mwaka 1805 na 1806, lakini wataalamu hawakuzijali.

Hakukata tamaa. Baadaye, akiwa Einbeck, aliijaribu dawa mwilini mwake na kwa vijana watatu. Kila mmoja alikunywa kiasi cha miligramu 30 mara tatu, yote katika dakika 45 tu. Walishikwa na usingizi mzito na udhaifu, hata Sertürner akaogopa kwamba wamekula sumu, akawanywesha siki kali ili watapike. Walipona. Siku hizi mtu mzima asiyezoea dawa hii huanzishwa kwa miligramu 2.5 hadi 5 tu, kila baada ya saa 4.

Habari za jaribio hilo zilichapwa mwaka 1817, na dawa ikapewa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani wa kale. Gay-Lussac, mtaalamu wa Ufaransa, aliitambua thamani yake, na mwaka uleule Chuo Kikuu cha Jena kikamtunukia Sertürner shahada ya udaktari. Alifariki Hameln tarehe 20 Februari 1841.

Basi, fundisho lake ni nini? Ni kwamba dawa ya maumivu huwa rehema inapopimwa, na hatari isipopimwa. Mgonjwa wa Ngorongo aweza kutibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, akarudi Rufiji na chupa ya mofini, hali nyumbani amebakiwa na vidonge vya kodeini. Jamaa wasidhani kidonge kwa kidonge ni sawa: miligramu 100 za kodeini zakaribia nguvu ya miligramu 10 tu za mofini. Hata mofini yenyewe hutofautiana. Huko Uganda hutengenezwa dawa ya maji yenye miligramu 5 katika mililita 5, na nyingine yenye miligramu 50 katika kipimo hichohicho, kila moja kwa rangi yake. Kijiko ni kimoja, nguvu mara kumi.

Ziko sababu njema za kubadili dawa: kutapika kusikokoma, kuchanganyikiwa, figo kudhoofika, au mgonjwa kushindwa kumeza. Mganga hujumlisha dawa yote ya siku nzima, hutafuta kiasi cha dawa mpya kilicho sawa nayo, kisha kwa kawaida hukipunguza kwa robo hata nusu, maana mwili uliozoea dawa moja haukuizoea nyingine vilevile. Ya kwanza huachwa kwa amri yake, wala hazichanganywi kwa kubahatisha. Mgonjwa akilala asiamshike, au pumzi ikiwa nzito na ya polepole, asipewe tena. Aitwe mganga upesi.

Wako wanaoiogopa mofini kabisa, wakidhani ni dhambi kuituliza mauti. Papa Pius XII alifundisha waziwazi tarehe 24 Februari 1957 kwamba ni halali kumpunguzia mgonjwa maumivu kwa dawa hizo. Basi tusiwanyime wagonjwa wetu faraja hiyo, wala tusiwape bila kipimo. Chupa zote zilizomo nyumbani, mpya na za zamani, zipelekwe kwa mganga azione kabla mgonjwa hajanywa kijiko cha kwanza cha dawa mpya.