Malcolm Marshall: Gwiji wa kriketi aliyeutiisha mpira uliochakaa

MALCOLM Denzil Marshall alipoaga dunia jijini Bridgetown, Barbados, mnamo Novemba 4, 1999, alikuwa na umri wa miaka 41 pekee. Nyuma yake aliacha rekodi ambayo wapenzi wa kriketi wangali wanaitaja kwa heshima. Katika mechi 81 za Testi, yaani zile za siku tano baina ya mataifa, alijizolea wiketi 376 kwa wastani wa mikimbio 20.94 kwa kila mpigaji aliyemwondoa. Alipocheza Testi yake ya mwisho mwaka wa 1991, hakuna mrushaji mwingine aliyekuwa amevuka wiketi 200 kwa wastani bora kuliko huo.

Ufanisi huo ulikuwa wa ajabu kwa mtu wa kimo chake. Timu ya West Indies ya miaka ya themanini ilisheheni warushaji warefu kama minazi, na mwenzake Joel Garner alipita mita mbili. Marshall alikuwa na takriban mita 1.80. Hata hivyo, wembamba wa reli, garimoshi hupita.

Marshall alizaliwa Bridgetown mnamo Aprili 18, 1958. Babake, aliyekuwa polisi na mchezaji hodari wa kriketi ya klabu, alifariki katika ajali ya barabarani mwanawe akiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Babu yake ndiye aliyesaidia kumfunza mchezo huo.

Mlango wa timu ya taifa ulimfungukia mapema kuliko alivyotarajia. Mwishoni mwa miaka ya sabini, tajiri wa Australia Kerry Packer aliwanyakua nyota wengi kwa ligi yake binafsi. Hivyo basi, Marshall alijumuishwa katika ziara ya India ya mwaka wa 1978 akiwa amecheza mechi moja tu ya daraja la kwanza. Hakung'ara katika ziara hiyo, na ilimbidi arudi kujinoa upya.

Mwaka wa 1979 alijiunga na Hampshire, timu ya kaunti iliyo kusini mwa Uingereza, kujaza pengo lililoachwa na Andy Roberts wa Antigua. Katika ligi ya kaunti, mrushaji hufanya kazi karibu kila siku kwa miezi mingi, katika viwanja vikavu na vyenye unyevu, akiwa na mpira mpya au mkuukuu. Kazi hiyo ngumu ilimkomaza. Katika msimu wa 1982 alipata wiketi 134.

Ili kuelewa ustadi wa Marshall, ni muhimu kuufahamu mpira wenyewe. Mpira wa kriketi una uzani wa takriban gramu 160, na umevikwa ngozi ngumu yenye mshono ulioinuka katikati. Unapokuwa mpya, ngozi hung'aa. Mrushaji akiuelekeza mshono pembeni kidogo, hewa hupita kwa namna tofauti kila upande, na mpira hupinda ungali angani.

Lakini ujana wa mpira hauna maisha marefu. Hugonga ardhi na bati mara mamia. Katika Testi za siku hizi timu hulazimika kuutumia kwa ova 80, yaani mirusho 480, kabla ya kuruhusiwa kuomba mwingine. Kufikia wakati huo mng'ao umetoweka, ngozi imelainika na mshono umelala. Mrushaji aliyetegemea kasi pekee hugeuka mnyonge mbele ya mpigaji aliyekwishazoea uwanja. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Tiba ya kwanza ya tatizo hilo ni utunzaji. Timu huchagua upande mmoja wa mpira na kuusugua kwenye suruali kwa jasho ili ubaki laini, huku ule wa pili ukiachwa ukwaruzike. Zamani mate yalitumika pia, hadi yalipopigwa marufuku mwaka wa 2020 kutokana na janga la Covid-19, marufuku iliyofanywa kuwa ya kudumu mwaka wa 2022. Tofauti hiyo ya pande mbili huufanya mpira uendelee kupinda kuelekea upande uliokwaruzika. Ukichakaa zaidi na kurushwa kwa kasi kubwa, hutenda kinyume na kupinda kuelekea upande laini. Wapakistani, akiwemo Sarfraz Nawaz, ndio walioieneza mbinu hiyo ya kinyume kuanzia miaka ya sabini.

Tiba ya pili imo vidoleni, na hapa ndipo Marshall alipojitofautisha. Kutoka kwa Dennis Lillee, mrushaji mahiri wa Australia aliyekuwa mpinzani wake, alijifunza kuukata mpira kwa vidole wakati wa kuuachilia. Mpira wa namna hiyo hauhitaji mng'ao wala msaada wa hewa. Hutua ardhini, kisha hukata kona na kumhepa mpigaji anayetumia mkono wa kulia. Silaha hiyo ilimfaa hasa katika viwanja vilivyokufa, ambako warushaji wengine walitoka jasho bure.

Zaidi ya hayo, aliweza kuupinda mpira ndani au nje bila kubadilisha mno mwendo wa mkono wake. Mpigaji alibaki kukisia, na alipotambua, alikuwa amekwishachelewa.

Moyo wake ulidhihirika katika uwanja wa Headingley, Uingereza, mwaka wa 1984, alipovunjika kidole gumba cha mkono wa kushoto. Wengi walidhani mechi imekwisha kwake. Alirudi kupiga kwa mkono mmoja ili mwenzake Larry Gomes akamilishe mikimbio 100. Kisha, mkono ukiwa umefungwa plasta, alirusha na kuwaondoa Waingereza saba kwa mikimbio 53. West Indies ilishinda mechi hiyo, na hatimaye msururu wote kwa 5-0.

Miaka minne baadaye, akiwa na umri wa miaka 30, alirejea Uingereza akiwa amepunguza kasi na kuongeza maarifa. Katika mechi tano alipata wiketi 35. Huko Old Trafford, Manchester, aliwaondoa wapigaji saba kwa mikimbio 22 tu, na wenyeji wakamalizwa kwa 93.

Kenya nayo ina nafasi katika simulizi hii. Mnamo Februari 29, 1996, katika Kombe la Dunia, vijana wa nahodha Maurice Odumbe waliishangaza dunia mjini Pune, India, kwa kuibwaga West Indies kwa mikimbio 73. Kocha wa West Indies wakati huo alikuwa Andy Roberts. Mwaka huohuo Marshall alikabidhiwa kazi hiyo, na kwa mara ya pili akachukua nafasi ya Roberts. Safari hii alirithi timu iliyokuwa imepoteza makali yake.

Tayari alikuwa ameonyesha kwamba hakuwa mchoyo wa elimu. Alipochezea Natal ya Afrika Kusini kuanzia mwaka wa 1992, alimlea kijana Shaun Pollock, ambaye baadaye alipata wiketi 421 za Testi. Alimpa Pollock alichopewa na Lillee, bila kujali kwamba siku moja ujuzi huo ungetumiwa dhidi ya West Indies.

Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka wa 1999 nchini Uingereza, madaktari waligundua kwamba alikuwa na saratani ya utumbo mpana. Aliachia ngazi kama kocha, na miezi michache baadaye akafariki.

Leo, upande mmoja wa uwanja wa Kensington Oval, Bridgetown, unaitwa kwa jina lake. Tuzo ya kumbukumbu yake pia hukabidhiwa mrushaji anayepata wiketi nyingi zaidi Uingereza na West Indies zinapokutana katika msururu wa Testi. Maisha yake yalikuwa mafupi, lakini kila kijana anayepewa mpira mkuukuu alasiri ya siku ya nne, jua likiwaka na mpigaji akitamba, ana la kujifunza kwake.