Kasisi Aliyefuata Bendera: Maisha ya Ulrich Zwingli

Wako wachungaji ambao kwa kawaida hutumika usharikani, lakini askari wakikusanywa huitwa kufuatana nao na kuzitunza roho zao. Mwezi huu tumeona vema kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo zamani, nayo ikamgeuza moyo.

Ulrich Zwingli alizaliwa tarehe 1 Januari 1484 huko Wildhaus, katika milima ya Uswisi. Baada ya kusoma Vienna na Basel, aliwekwa kuwa kasisi wa Glarus mwaka wa 1506, akakaa huko miaka kumi. Nchi ile ilikuwa maskini, lakini vijana wake walikuwa hodari wa mkuki. Kwa hiyo wafalme wa Ulaya, hata Papa wa Roma, waliwakodi wapigane vita vyao. Wakubwa walipewa zawadi za fedha, na vijana mshahara. Nao walipotoka na bendera yao, ilikuwa desturi kasisi afuatane nao.

Ndivyo Zwingli alivyoshuka Italia pamoja na watu wake. Mwaka wa 1513 Waswisi waliwashinda Wafaransa huko Novara, wakarudi kwa shangwe. Mwaka wa 1515 wakashuka tena. Safari hii mfalme wa Ufaransa aliahidi fedha nyingi, na baadhi ya Waswisi wakakubali, wakarudi makwao. Zwingli akasimama uwanjani katika mji wa Monza, akawasihi waliobaki wawe na umoja. Siku chache baadaye, tarehe 13 na 14 Septemba, walipigana huko Marignano, na mizinga ya Wafaransa ikawaangusha kwa maelfu. Na tufikiri: kasisi arudipo katika usharika wa namna hiyo, awaambie nini wajane?

Tangu hapo Zwingli alizidi kuichukia biashara ile ya kuuza damu ya vijana. Hata hivyo mikono yake mwenyewe haikuwa mitupu, maana alikuwa akipokea fedha za Papa kila mwaka, asiziache mpaka mwaka wa 1520. Waliowapenda Wafaransa huko Glarus walimwudhi, hata mwaka wa 1516 akahamia Einsiedeln. Na tarehe 1 Januari 1519 akaanza kuhubiri Zürich. Huko hakunyamaza, na mwaka wa 1522 wakuu wa mji wakakataza watu wao wasikodiwe tena vitani.

Sisi Walutheri twajua ya kuwa mwaka wa 1529, huko Marburg, yeye na Luther hawakupatana juu ya Meza ya Bwana. Lakini lililomwangusha lilikuwa jambo jingine. Wilaya tano za Uswisi zilikataa matengenezo ya Kanisa, na Zwingli, aliyekuwa amevilaumu vita vya fedha, akashauri zishurutishwe kwa nguvu. Zürich na wenziwe wakazizuilia chakula. Nazo zikaja kupigana. Tarehe 11 Oktoba 1531 Zwingli alifuata bendera ya Zürich mpaka Kappel, akiwa amechukua silaha. Watu wa Zürich wapata 500 waliuawa, naye Zwingli akiwa mmoja wao, pamoja na mwana wa mkewe. Maiti yake ikakatwa vipande vinne, ikachomwa moto. Luther alipopata habari aliihesabu kuwa hukumu ya Mungu.

Sisi hatutaki kumhukumu. Ila twaona tofauti moja. Alipokwenda Italia, aliifuata bendera kwa kuwa kundi lake limeitwa. Alipokwenda Kappel, aliifuata bendera ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuiita. Mchungaji akienda na askari ili asiwaache peke yao katika kifo, kazi yake ni njema. Lakini akianza kuwaonyesha adui, ni nani atakayebaki kuwaonyesha Bwana wao?

Basi tuwaombee wote wenye kazi hiyo.