Chaplin Alivyompa Mzururaji Fidla

Wengi tunamjua kwa sura: kikofia cheusi, kimasharubu, fimbo, suruali pwaya na viatu vikubwa kama mitumbwi. Masikio yake ndiyo tunayasahau. Mimi nasoma ualimu, na tunapofundishwa kuandaa masomo ya picha na sauti, huyu Charlie Chaplin ndiye ninayemrudia kuliko slaidi zote tunazopewa.

Alizaliwa mwaka 1889, akakulia London ya kusini. Mama yake, Hannah, alikuwa mwimbaji wa majukwaani. Sauti ikamharibikia, baadaye akili nayo ikayumba. Baba alikuwa mlevi, akafariki mwaka 1901. Charlie akiwa na miaka 7 alikuwa tayari kwenye makao ya maskini. Yaani umaskini hakuhadithiwa.

Mwaka 1914, akiwa Marekani, alilivaa lile vazi mbele ya kamera. Filamu zilikuwa bubu. Mpiga piano wa ukumbini ndiye aliyewaongoza watu wacheke wapi, walie wapi. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, wenzake wakakimbilia maneno. Yeye akagoma. Mwaka 1931 akatoa City Lights bila mazungumzo, lakini yenye muziki aliotunga mwenyewe. Nota hakujua kuandika, bwana! Aliimbaimba tu au akapapasa piano, wajuzi wakaandika. (Wimbo wa msichana muuza maua haukuwa wake, ulikuwa wa Mhispania José Padilla, ambaye alimshtaki na kushinda. Hilo nalo tuliseme.)

Waliomsaidia kupanga muziki walitaka uwe wa kuchekesha, maana mzururaji mwenyewe kichekesho. Chaplin akakataa. Akataka muziki mwororo, wenye heshima. Hebu tazama pale mzururaji anapokaa kimya kumwangalia yule msichana, ambaye ni kipofu, naye bila kujua anammwagia maji usoni. Zima sauti: umemwona mjinga kalowa. Washa sauti: umemwona mtu anayependa. Picha ni ile ile. Wakubwa wanaohutubia mwanzoni mwa filamu, hao badala ya maneno aliwapa mlio wa kukwaruza, kama kipenga kibovu. Mwenye viraka kapewa fidla, wenye suti kelele.

Simu zetu zimejaa klipu za mama aliyeteleza sokoni au mgonjwa wa akili anayeongea peke yake stendi, na juu yake kimebandikwa kicheko au singeli ya kasi. Aliyebandika ile sauti ameshatuamulia kwamba yule si mtu wa kuhurumiwa. Na sisi, walimu wa kesho, tunasambaza.

Mwaka 1952 Marekani ilimfungia mlango kwa sababu za kisiasa, akahamia Uswisi. Huko aliendelea kuzitungia muziki filamu zake za zamani. The Kid, ya mwaka 1921, ilipata muziki wake mwaka 1971, yeye akiwa mzee wa miaka 82. Alifariki siku ya Krismasi, 1977.