Joseph Plateau, kipofu aliyeonyesha dunia namna jicho linavyoona

Miaka zaidi ya 60 mbele ya sinema kuzaliwa, mwanasayansi mmoja wa Ubelgiji alifaulu kufanya picha za kuchorwa zionekane zinatembea. Jina lake Joseph Plateau. Lakini miaka 40 ya mwisho ya maisha yake, yeye mwenyewe hakuona tena kitu.

Plateau alizaliwa Bruxelles tarehe 14 Oktoba 1801. Baba yake alikuwa mchoraji wa maua. Alibaki yatima akiwa bado kijana, akalelewa na jamaa. Mwaka wa 1829, huko Liège, alipata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya alama ambayo mwanga unaacha ndani ya jicho. Kila mtoto aliyechezea kijinga cha moto usiku anajua jambo hilo: ukikizungusha mbio, unaona duara nzima la moto, si nukta moja.

Mwaka wa 1832 alitengeneza kisahani chenye picha 16 za mchezaji ngoma, kila moja tofauti kidogo na jirani yake, na matundu membamba pembeni. Mtu anasimama mbele ya kioo, anakizungusha na kuchungulia ndani ya matundu: mchezaji anaanza kuzunguka. Bila matundu, picha zote zinachanganyika. Simon Stampfer wa Austria alivumbua chombo kama hicho karibu wakati uleule.

Plateau aliomba pia wachoraji 8 watengeneze rangi ya kijivu iliyo katikati kabisa ya nyeusi na nyeupe. Kila mmoja alifanya kazi kwake, kwa mwanga wake. Rangi zao zilikaribia kufanana. Kwa Plateau, jicho linalinganisha rangi moja na nyingine. Halipimi tu wingi wa mwanga.

Kuanzia 1835 alifundisha Gand. Mwaka wa 1843 akawa kipofu kabisa. Wengi walidhani ni kwa sababu aliwahi kukazia jua macho kwa sekunde 25. Leo watafiti wanashuku zaidi ugonjwa wa ndani ya jicho. Hakuacha kazi. Yeye alipanga majaribio, mke wake Fanny, mwanawe Félix na mkwewe wakayatazama na kumweleza. Hivyo ndivyo alivyochunguza mapovu ya sabuni na kutoa kitabu mwaka wa 1873.

Alifariki Gand tarehe 15 Septemba 1883. Karne moja baadaye, Ubelgiji iliyapa jina lake matuzo yake ya sinema.