Lord Delamere: Bwanyenye aliyefunzwa ufugaji na ng'ombe wa kienyeji

MSAFIRI aondokaye mjini Nyeri kuelekea Nanyuki kupitia Kiganjo na Naro Moru, Mlima Kenya ukiwa upande wake wa kulia, huona mashamba madogo yakipungua na mbuga za malisho zikianza kutanda. Hapo ndipo ilipo milango ya ranchi za Laikipia na Timau, makao ya ng'ombe wa Boran wenye nundu na ngozi inayoning'inia shingoni.

Fahali wa mbegu katika ranchi hizo hauzwi kwa bei ya nyama. Mnunuzi hulipia ndama ambao hawajazaliwa, na ndiyo maana huuliza kwanza habari za mama na baba yake. Biashara hiyo haiwezi kusimuliwa kikamilifu bila kumtaja Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, ingawa yeye mwenyewe aliishi ng'ambo ya milima ya Nyandarua, katika Bonde la Ufa.

Delamere alizaliwa mwaka wa 1870 nchini Uingereza, akarithi cheo na mashamba ya ukoo huko Cheshire akiwa bado kijana. Kilichomleta Afrika hakikuwa ufugaji bali uwindaji wa simba katika nchi ya Wasomali, alikoanza kuzuru mwaka wa 1891. Katika safari mojawapo simba alimrarua mguu, akabaki akichechemea. Mnamo 1897 alifika kwa miguu na ngamia katika nyanda za juu za Kenya. Baada ya jangwa la kaskazini, nyasi mbichi na hewa ya baridi zilimteka moyo.

Mwaka wa 1903 aliomba ardhi, na baada ya kukataliwa mara mbili, serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa muda wa miaka 99. Aliingia na pupa ya mtu mwenye mali. Aliagiza kondoo dume wa aina ya Ryeland kutoka Uingereza ili wapande majike 11,000 wa Kimaasai. Mwaka wa 1904 alileta kondoo majike 500 wa merino kutoka New Zealand, na baada ya muda mfupi wanne katika kila watano walikuwa wamekufa. Ng'ombe wake wa kigeni nao walifyekwa na maradhi yaletwayo na kupe na homa ya mapafu.

Wamaasai hawakushangaa. Wao walikuwa wakiepuka kulisha mifugo yao kwa muda mrefu katika sehemu hizo, japo nyasi zilikuwa za kupendeza. Miaka mingi baadaye wataalamu waligundua kuwa udongo wake ulipungukiwa na madini ya kobalti. Aliyekuwa na shahada ya nasaba alikuwa ameshindwa kusoma ardhi ambayo mchungaji asiyejua kalamu aliisoma kwa macho.

Delamere alihamishia mifugo iliyosalia Soysambu, kando ya Ziwa Elementaita, na Njoro akajaribu ngano. Ngano nayo ikaliwa na kutu, hata akalazimika kugharimia maabara ya kutafuta mbegu zinazohimili ugonjwa huo. Mashamba ya ukoo Uingereza yaliwekwa rehani ili majaribio ya Kenya yaendelee.

Somo alilolipata lilikuwa moja, katika ngano na katika ng'ombe: mbegu ya kigeni haisimami peke yake. Fahali wa Ulaya alileta mwili mkubwa na maziwa mengi. Jike wa kienyeji alileta uvumilivu wa jua, kiu na kupe, ambao wafugaji wa Kiafrika walikuwa wameuchuja kwa vizazi vingi. Somo hilo lilienea kwa walowezi hadi miteremko ya Mlima Kenya, ambako shemeji yake, Berkeley Cole, alikuwa na shamba huko Naro Moru. Wafugaji wa Kizungu wa Laikipia walimkumbatia hatimaye ng'ombe wa Waborana, na mwaka wa 1951 wakaunda chama cha kulinda mbari ya Boran.

Lakini hapa ndipo hesabu ya maisha ya Delamere inapokuwa ngumu. Malisho hayo yalikuwa na wenyewe. Kwa mkataba wa 1904, Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa na wengi wao wakapelekwa Laikipia, kwa ahadi kwamba wangekaa huko daima. Ahadi haikudumu hata miaka 10. Mwaka wa 1911 mkataba wa pili uliwaondoa tena, na kesi waliyofungua mahakamani ikatupiliwa mbali mwaka wa 1913. Delamere, akiwa msemaji mkuu wa walowezi, aliwapenda Wamaasai na kujifunza lugha yao, huku akipigania sera iliyowatenga Waafrika na ardhi bora.

Mkulima wa Nyeri naye alifungiwa nje. Karantini za mifugo zilimbana, na ni baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndipo wakulima wengi Waafrika walipofunguliwa njia ya kufuga ng'ombe wa gredi. Leo mfugaji wa Othaya au Mukurwe-ini mwenye ng'ombe wawili zizini hahitaji kumiliki fahali. Hupandishiwa kwa mrija, kazi ambayo kituo cha Kabete kilianzishiwa mwaka wa 1946.

Delamere alifariki Novemba 1931, akiwa na umri wa miaka 61 na madeni makubwa, akazikwa Soysambu. Sanamu yake iliyosimamishwa Nairobi mwaka wa 1939 iling'olewa baada ya uhuru na kupelekwa huko huko shambani, na barabara iliyobeba jina lake ikapewa la Kenyatta.

Majina ya barabara hubadilishwa kwa siku moja. Damu ya fahali haifutiki hivyo. Katika zizi la ranchi za Laikipia, kila daftari la nasaba la Boran huanzia kwa jike asiyeandikwa jina, aliyetoka katika boma la mfugaji wa kaskazini ambaye naye hakuandikwa popote.