Wahudumu wa figo waige mfano wa Thomas Graham

Majuzi nilimsindikiza jamaa yangu, ambaye figo zake zimeshindwa kazi, kwenda hospitalini kusafishwa damu. Katikati ya matibabu, mashine ilianza kulia na pampu ikasimama. Muuguzi wa zamu aliitazama asijue la kufanya, kisha akatoka mbio kumtafuta mwenzake, ambaye ndiye pekee aliyeifahamu mashine hiyo mpya. Ikumbukwe kwamba damu ikisimama mipirani huanza kuganda. Hata hivyo, simlaumu muuguzi huyo. Tangu alipohitimu, hakuna aliyemrudisha darasani.

Usiku huo nilimkumbuka Thomas Graham, mwanakemia aliyelianzisha neno dayalisisi katika sayansi. Sisi wanaisimu hupenda kujua asili ya maneno. Hili alilitoa katika Kigiriki, kwa maana ya kutenganisha.

Graham alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka wa 1805. Baba yake, aliyekuwa mwenye kiwanda cha nguo, alimtaka awe kasisi. Kijana aliingia chuo kikuu cha mji huo akiwa na umri wa miaka 13, akavutwa na kemia, na kwa sababu hiyo akafarakana na babake. Hakurudi nyuma. Mnamo 1830 alikuwa profesa katika Chuo cha Anderson, kilichowafungulia milango hata wafanyakazi wa viwandani. Mmoja wa waliomsikiliza darasani ni David Livingstone, aliyetoka katika kiwanda cha pamba, na ambaye wanafunzi wetu wa historia wanamjua vyema. Kanuni ya Graham kuhusu usambaaji wa gesi, aliyoikamilisha mwaka wa 1833, imewatoa jasho wanafunzi wengi wa sekondari humu nchini.

Mnamo 1837 alihamia London kufundisha, na mwaka wa 1855 akapewa cheo kikubwa cha kusimamia kiwanda cha sarafu cha serikali. Hapo wengi wetu tungestarehe. Graham aliendelea na majaribio yake. Mwaka wa 1861, akiwa na umri wa miaka 55, alieleza kwamba chumvi na sukari hupenya katika utando wa karatasi maalumu iliyofanana na ngozi, ilhali gundi na vitu vya jinsi hiyo hubaki. Alionyesha pia kwamba yurea, taka ambayo figo huitoa mwilini, hupenya vilevile. Aliaga dunia mwaka wa 1869 bila kumwona mgonjwa hata mmoja aliyefaidika. Ilipita miaka 74 kabla ya daktari Willem Kolff, nchini Uholanzi, kuutumia ujuzi huo kumsafisha binadamu damu, mwaka wa 1943.

Tangu wakati huo mambo yamebadilika mno. Katika matibabu ya saa nne, damu ya mgonjwa hukaribiana na takribani lita 120 za maji, zikitenganishwa nayo na utando mwembamba tu. Klorini tunayoinywa kwenye maji ya mfereji bila madhara huweza kuziharibu chembe nyekundu za damu. Fundi asiyejua kuyapima maji hayo, au muuguzi asiyeuelewa mlio wa mashine, anaweza kuua bila kukusudia.

Mwaka wa 2015 serikali ilianza kusambaza mashine hizi katika hospitali za kaunti. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini mashine hununuliwa mara moja, ilhali ujuzi huchakaa kila mwaka. Kwa maoni yangu, kila hospitali yapasa kuwatengea wauguzi na mafundi wake siku za mafunzo kila mwaka, nazo zihesabiwe kuwa siku za kazi wala si likizo. Pia fedha za mafunzo hayo zitengwe siku ile ile mashine zinaponunuliwa.

Graham alikuwa na cheo, mshahara na umri wa kupumzika, na bado alirudi kwenye maabara. Muuguzi wetu yuko tayari kurudi darasani. Kilichobaki ni kufunguliwa mlango.