Liyongo Atufunze Kuandika Mazungumzo

Kwa miaka kadha nimekuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wa shule za upili huku Garsen, na kila lijapo swali la mazungumzo, moyo hunisinyaa. Wahusika huamkuana nusu ukurasa, wakajuliana hali, wakapashana habari ambazo wote wawili wanazijua tayari, kisha wakaagana. Mkulima hunena kama msomaji wa taarifa ya habari, na mfugaji vivyo hivyo. Ukiyafuta majina yaliyo pambizoni, huwezi kutambua nani asema nini.

Lawama siwatupii wanafunzi. Sisi walimu tumewafundisha kuweka nukta mbili baada ya jina la msemaji na kutia vitendo katika mabano, tukasahau kuwafunza kusikiliza. Hali mwalimu wa jambo hilo tunaye papa hapa. Ukiufuata mto Tana hadi unapoingia baharini, utafika Ozi na Kipini, ambako wenyeji huonyesha kaburi la Fumo Liyongo.

Wataalamu hawajaafikiana kuhusu karne aliyoishi shujaa huyu. Tunachokijua kumhusu kimetufikia kwa mapokeo ya mdomo, kwa tungo anazonasibishwa nazo, na kwa utendi alioutunga Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Kabla ya hapo, mnamo 1870, Edward Steere alikuwa amekwisha kuichapisha habari yake katika mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili.

Mapokeo yasema Liyongo alikuwa mtu wa Shaka, mrefu wa kimo, mwenye nguvu za ajabu, hodari wa upinde na bingwa wa mashairi. Sifa zake zilienea hata Wagala, ambao wengi huwanasibisha na Waorma wa leo, wakatamani kupata mbegu yake. Akaozwa binti wao, akazaliwa mwana wa kiume. Lakini sifa hizo hizo zilimtia hofu mtawala wa Pate. Akawatuma watu wa msituni wajifanye rafiki zake, wale naye kikoa na kupanda mikoma kwa zamu, wapate kumfuma akiwa juu ya mti. Zamu yake ilipowadia hakupanda. Aliziangusha koma kwa mishale.

Hatimaye alitiwa gerezani. Kijakazi Saada alipomletea chakula kutoka kwa mama yake, walinzi walikila kizuri chote. Liyongo akampa Saada ujumbe katika wimbo, mbele ya walinzi wenyewe: mama aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi walisikia wimbo na wasizinduke. Mkate ulipoletwa waliudharau, wakampa mfungwa. Kisha Liyongo akaomba achezewe gungu, na katika kishindo cha ngoma na matari akaikata minyororo yake, akatoka.

Nguvu ziliposhindwa, mtawala akamrubuni yule mwana kwa ahadi ya cheo na ndoa. Kijana akamwendea baba yake, akauliza ni kitu gani kiwezacho kumuua, akilivika swali hilo vazi la mapenzi na wasiwasi wa mtoto kwa mzazi. Baba akaing'amua hila, akamwonya kwamba amehadaiwa, na hata hivyo akamfunulia siri: sindano ya shaba kitovuni. Kijana akaja kumchoma usingizini. Liyongo aliamka na jeraha lake, akauchukua upinde, akaenda kupiga goti karibu na kisima, akafa akiwa ameelekeza mshale. Watu wa mji hawakuthubutu kwenda kuteka maji, wakidhani yu hai. Mama yake alikuja kumbembeleza mtu aliyekwisha kufa, hadi maiti ilipoanguka. Mwana hakupata alichoahidiwa.

Ndugu mwalimu, yatazame mazungumzo yaliyomo humo. Hakuna anayefungua kinywa bila kutaka jambo. Mwana ataka siri, lakini anachokitaja ni mapenzi. Wimbo ni mmoja, bali kwa mlinzi ni tumbuizo, na kwa mama ni agizo. Na pale kisimani, kimya cha mtu mmoja kinawatisha watu wa mji mzima. Kabla ya mwanafunzi kuandika neno, tumwulize maswali matatu: huyu anataka nini, anaficha nini, na nani mwingine anasikia? Akiyajibu, salamu za nusu ukurasa zitajiondoa zenyewe.

Jambo hili si la alama za mtihani tu. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, Wapokomo na Waorma katika delta hii waliuana, na waliokufa walipita mia moja. Baadaye darasani niliwapa wanafunzi kazi ya kuandika mazungumzo baina ya mkulima na mfugaji penye malka, njia ya mifugo kwenda mtoni. Watoto wa wakulima walimwandika mfugaji asiye na lolote ila vitisho. Watoto wa wafugaji walimwandika mkulima asiye na lolote ila matusi. Niliwarudishia madaftari bila alama. Niliwataka kila mmoja aketi na mwenzake wa upande wa pili, amsikilize jinsi watu wa nyumbani kwao wanavyosema ng'ombe anapokufa kwa kiu, au mpunga unapolishwa usiku mmoja, ndipo aandike upya.

Insha za pili hazikuwa fasaha zote. Lakini kwa mara ya kwanza nilimsikia mfugaji akiomba, na mkulima akisita kabla ya kukataa. Walimu wenzangu, tuwafunze watoto kuandika maneno ya mtu wasiyemwafiki kwa namna ambayo mtu huyo mwenyewe, akiyasoma, atakubali kuwa ni yake.